Kuosha nozeli kwa mashine: tathmini ya mtu aliyedai karatasi ya vipimo

Niseme mapema ili mwenye haraka aende zake: huduma hii naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoikata nitaieleza huko mbele. Ninachotathmini ni kazi ya kung'oa nozeli (vipulizia mafuta) za injini ya petroli, kuzipima kwenye mashine, kuziosha, kuzipima tena na kuzirudisha mahali pake. Lile kopo la dawa la kumimina kwenye tangi ni habari nyingine, ingawa nalo nina neno nalo.

Gari langu ni la silinda nne, na nozeli zake humwaga mafuta kwenye manifoldi (njia za hewa ya kuingia injini), si ndani ya silinda moja kwa moja. Ugonjwa wake ulikuwa huu. Kwenye sailensi (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta) lilitulia, ila ukishika usukani unasikia mtetemo mdogo ambao abiria hawezi kuutambua. Ukikanyaga mafuta taratibu, linakwenda bila maneno. Ukikanyaga kwa ghafla kidogo, tuseme unataka kulipita lori, linasita: mshale wa resi (mizunguko ya injini kwa dakika) unaganda, gari linakuwa zito, kisha nguvu inarudi yote kwa mpigo na kukurusha mbele wakati umeshaghairi kupita. Asubuhi injini ikiwa baridi hali ilikuwa mbaya zaidi. Matumizi ya mafuta yalipanda polepole, na ekzosi ilitoa harufu ya petroli isiyoungua vizuri.

Taa ya injini kwenye dashibodi haikuwaka, na hapo ndipo wengi wetu tunapodanganyika. Kompyuta ya gari inasoma sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi, halafu inaongeza au kupunguza mafuta ili mchanganyiko ubaki karibu na sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Nozeli ikianza kuziba, kompyuta inafidia kimyakimya. Kwenye magari mengi mpaka fidia ifike kama asilimia 20 au 25 ndipo inaandika kosa P0171 (mafuta ni machache kwa hewa inayoingia) na kuwasha taa. Ukiwa na asilimia 8 au 9, dereva unateseka na dashibodi haina habari.

Kilichonifanya niipende gereji hii ni kwamba hawakuanza na spana. Nilifika nikasema nimekuja kuoshewa nozeli. Fundi, kijana wa maneno machache, akaniuliza, "Bosi, nani kakwambia ni nozeli?" Nikamjibu kwamba gari linasita. "Kusita kuna baba wengi," akasema, huku akichomeka kifaa chake cha kusomea chini ya usukani.

Ana haki. Plagi iliyochakaa inasitisha gari. Koili ya kuwashia plagi inayovujisha umeme hivyo hivyo. Sensa ya hewa iliyoshika vumbi, hozi ya manifoldi iliyopasuka, filta ya mafuta iliyojaa, pampu iliyochoka, throto (mlango wa hewa) yenye masizi, zote zinakupa gari la namna ileile. Gereji niliyopitia kabla, ambayo siitaji, ilikuwa imeshanitangazia msiba wa pampu ya mafuta bila hata kufunga geji ya presha. Nilishukuru nikaondoka.

Kijana alianza kwa kusoma makosa. Hakukuwa na lililothibitishwa, ila P0303 ilikuwa kwenye foleni ya kusubiri: kompyuta imeshuku kwamba silinda ya tatu inamisi, yaani kuna mara haiunguzi mafuta yake, lakini haijajiridhisha vya kutosha kuwasha taa. Kisha akafungua ukurasa wa fidia ya mafuta. Fidia ya muda mrefu, ile ambayo kompyuta imeizoea na kuikariri, ilisoma asilimia +7 kwenye sailensi. Akaniambia nikanyage hadi resi 2,500 nishikilie hapo. Ikapanda ikafika +9.

Kipimo hiki ni cha bure kwa yeyote mwenye kifaa kidogo cha kusomea, na kinasema mengi. Kama manifoldi inavuta hewa ya wizi, fidia huwa kubwa kwenye sailensi na hushuka ukipandisha resi, kwa sababu hewa ileile inayopenya inakuwa sehemu ndogo tu ya hewa yote inayoingia. Fidia ambayo haishuki resi zikipanda, au inaongezeka, inakuelekeza kwenye mafuta yasiyotosha, au kwenye sensa ya hewa inayohesabu pungufu. Kwa hiyo aliing'oa sensa ya hewa, akaipulizia dawa yake maalumu, akaiacha ikauke, akairudisha. Tukazunguka barabarani kidogo. Namba hazikusogea.

Baadaye akahamisha koili ya silinda ya tatu kwenda ya kwanza, na plagi nazo akazibadilishana. Koili au plagi ingekuwa mbovu, kumisi kungeifuata hadi silinda ya kwanza. Hesabu ya kumisi ilibaki palepale, kwenye ya tatu. Plagi yenyewe alinionesha kabla hajaifunga: kauri yake ilikuwa nyeupe, wakati wenzake watatu walikuwa wamepakwa masizi mepesi. Rangi hizo mbili ndani ya injini moja nilizielewa vizuri baadaye, mbele ya mashine.

Geji ya presha ilisimama kwenye baa 3.5 na haikuyumba hata alipokanyaga kwa ghafla, kwa hiyo ile pampu niliyotangaziwa kifo ilikuwa hai na afya yake njema. Ukinzani wa nozeli zote nne ulikuwa kati ya omu 13 na 14, wa kawaida kabisa kwa nozeli za aina hii. Alipoweka ncha ya bisibisi juu ya kila moja na mpini sikioni, zote zilikuwa zinagonga tik-tik sawasawa. Umeme unafika, sindano inafunguka. Ubaya ni kwamba nozeli inaweza kugonga vizuri kabisa na bado isipitishe mafuta ya kutosha, na hapa ndipo mafundi wengi huishia: "Zinapiga, ni nzima."

Huyu hakuishia hapo. Alijaza presha kwenye reli (bomba linalogawia nozeli zote mafuta) injini ikiwa imezimwa, akaifungua nozeli moja kwa muda uliopimwa na kifaa, akatazama geji imeshuka kiasi gani, akajaza tena, akaenda ya pili. Namba moja, mbili na nne zilishusha mshale karibu sawa. Namba tatu iliusogeza kwa shida. "Sasa," akasema, "tunaweza kung'oa."

Kama gereji yako inakubali kuosha nozeli bila hatua hata moja kati ya hizo, wanakuuzia maji ya sabuni.

Mashine yenyewe ni kabati lenye mirija minne ya kioo iliyosimama wima, kila mmoja umechorwa mistari ya mililita. Nozeli zinafungwa juu, kimiminika cha kupimia kinasukumwa kwa presha ileile ya reli ya gari, na nyuma yake kuna taa inayomweka upesi kiasi cha kukufanya uone matone yamesimama hewani. Jaribio la kwanza ni la kuvuja: presha ipo, umeme haupo. Ncha zote zilibaki kavu. Jaribio la pili ni umbo la mpulizo, na hapa niliinama nikabandika pua kwenye kioo. Namba moja na mbili zilitoa ukungu wa umbo la koni. Namba nne nayo ilitoa koni, ila imeegemea upande mmoja. Namba tatu ilitoa uzi mmoja mnene kama mtoto anayekojoa ukutani, na pembeni yake vitone viwili vitatu visivyojua viendako.

Uzi wa namna hiyo unaeleza kila kitu nilichokuwa nalalamikia. Ukungu unachanganyika na hewa na kuingia silinda tayari kuungua. Uzi unagonga ukuta wa manifoldi, na ukuta ukiwa baridi, petroli inabaki majimaji hapo hapo, ndiyo maana asubuhi gari lilikuwa gumu zaidi. Ukikanyaga kwa ghafla, hewa inaingia papo hapo kwa wingi, lakini mafuta ya silinda hiyo yanachelewa na ni machache. Kwa mizunguko kadhaa silinda moja kati ya nne haina la kuchangia. Huko ndiko kusita kwenyewe.

Jaribio la tatu ni la ujazo: nozeli zote zinafunguliwa kwa sekunde 15, kisha unasoma mirija. Namba moja mililita 52, namba mbili 51, namba tatu 43, namba nne 50. Hata bila miwani unaona mrija mmoja umebaki nyuma.

Sasa rudi kwenye zile plagi. Sensa ya oksijeni ni moja na inaonja moshi wa silinda zote kwa pamoja. Haiwezi kujua nani ana njaa. Inaona mafuta ni pungufu kwa jumla, inaamuru wote waongezewe asilimia 8 hivi. Nimepiga hesabu kwa kalamu nikilinganisha na vipimo vya baada ya kuosha: kwa nyongeza hiyo namba moja inapata kama asilimia 6 zaidi ya mahitaji yake, na namba tatu bado imepungukiwa karibu asilimia 12. Watatu wanavimbiwa kwa ajili ya mmoja, na huyo mmoja bado hajashiba. Masizi kwenye plagi tatu, kauri nyeupe kwenye ile moja, harufu ya petroli nyuma na tangi linaloisha mapema vimetoka kwenye tundu moja lililoziba.

Kabla ya kuosha, fundi alichomoa vichujio vidogo vilivyo upande wa juu wa nozeli, pale mafuta yanapoingilia. Ni vikapu vya wavu vidogo kuliko ncha ya kidole, na watu wengi hawajui hata kama vipo. Cha namba tatu kilikuwa na chenga za rangi ya kutu zilizojikunja chini. Hizo hakuna dawa ya kuziyeyusha. Unatoa kichujio, unaweka kipya. Kwenye ncha ya chini kulikuwa na utandu wa kahawia, mgumu, unaong'aa. Huo unatengenezwa zaidi wakati injini imezimwa ikiwa ya moto: hakuna mafuta mapya yanayopita kupoza ncha, petroli iliyobakia inachemka, vilivyo vyepesi vinaruka na vizito vinabaki na kuganda. Gari la safari fupi fupi, la kuwashwa na kuzimwa kutwa, linapata utandu huu upesi kuliko linalokwenda mwendo mrefu.

Nozeli zikaingizwa kwenye beseni la mawimbi ya sauti yasiyosikika, ncha zikiwa ndani ya dawa, huku umeme unazifungua na kuzifunga ili dawa ipenye hadi ndani. Kuzisubiri kunachosha, sina la kusimulia. Zilipotoka zikasukumiwa kimiminika kinyumenyume, kutoka chini kwenda juu, zikawekewa vichujio vipya na oringi (pete za mpira) mpya, zikarudi kwenye kioo. Vipimo: 53, 53, 52, 53. Namba tatu sasa ilikuwa inatoa koni. Koni ya namba nne imenyooka.

Wakati wa kurudisha alizipaka oringi mafuta mepesi zisijikunje, akafunga reli, kisha akawasha swichi bila kupiga starta ili pampu ijaze presha, na kwa tochi akakagua shina la kila nozeli. Petroli ikivuja juu ya injini ya moto ni moto wa kweli, hivyo fundi anayeruka hatua hii mzuie mwenyewe. Mwisho akafuta fidia za zamani kwenye kompyuta. Usipofuta, gari litaendelea kwa muda kumwaga mafuta ya ziada kwa nozeli ambazo hazihitaji tena.

Gari sasa likoje? Kusita kumeisha. Ukikanyaga kwa ghafla linaitikia pale pale, na usukani kwenye sailensi umetulia. Fidia ya muda mrefu imekaa kwenye +1 hadi +2, ambayo ni ya gari lisilo na ugonjwa. P0303 haijarudi. Nguvu haijazidi ile ya zamani, na anayekuahidi kwamba kuosha nozeli kutaongeza nguvu kupita alivyotengeneza mwenye kiwanda anakudanganya. Kinachorudi ni kilichokuwa kimepotea.

Nyota niliyoikata ni kwa mambo haya. Karatasi ya vipimo, kitu kizuri kuliko vyote walivyo navyo, hawakunipa mpaka nilipodai. Nilipoipata, ilikuwa imeandikwa namba za mirija ya mashine, na hakuna mahali panaposema mrija namba tatu ni silinda namba tatu. Kwangu ilikuwa salama kwa sababu nilisimama pale na kalamu ya wino mzito nikamwomba aziweke alama kabla hazijatoka kwenye reli. Mteja aliyeacha funguo na kuondoka hawezi kulinganisha plagi na mrija. Vichujio vya zamani vilikuwa vimeshatupwa pipani, nilivifukua. Halafu pale mapokezi, baada ya kazi safi kama hiyo, dada wa risiti akanisukumia makopo ya dawa ya tangi na kusema nitumie kila nijazapo mafuta. Nozeli zimetoka kuoshwa dakika hiyo hiyo! Nikacheka, naye akacheka, makopo yakarudi kwenye rafu.

Kuhusu makopo hayo, mimi si mpinzani wake. Yenye kemikali iitwayo PEA yanafanya kazi kweli dhidi ya utandu mwepesi, na ukisoma lebo utaona kama imo. Kwa gari lisilo na ugonjwa, mara moja moja kwa kipimo kilichoandikwa, ni kinga nzuri. Kwa gari kama langu nililijaribu kopo kabla ya kwenda gereji na lilileta nafuu ya kubahatisha. Sababu inaeleweka ukifikiri kidogo: dawa inasafiri na petroli, na petroli inapita zaidi kwenye nozeli zilizo wazi. Ile iliyoziba, ndiyo inayohitaji dawa zaidi, inapata kidogo kuliko zote. Na chenga za kutu kwenye kichujio hazijali kemikali yoyote.

Kuna njia ya katikati, ya kuifungia injini chupa ya dawa kwenye reli na kuiendesha kwa dawa hiyo badala ya petroli bila kung'oa kitu. Inasafisha vizuri kuliko kopo la tangi. Naona inafaa pale ambapo kung'oa nozeli ni kazi ya kubomoa nusu ya injini. Kasoro yake ni kwamba mwishoni hakuna mrija wala namba. Unaambiwa "imeshakuwa poa" nawe unakubali kwa imani.

Haya yote ni ya petroli yenye nozeli za kwenye manifoldi. Injini zinazopuliza moja kwa moja ndani ya silinda zinafanya kazi kwa presha ya makumi hadi mamia ya baa, nozeli zake zinahitaji mashine nyingine na sili mpya za kwenye ncha kila zinapong'olewa, na kusita kwake mara nyingi kunatokana na masizi kwenye valvu za kuingizia, ambazo mafuta hayazigusi kamwe. Huko ukiosha nozeli umeacha mgonjwa kitandani. Dizeli za kisasa za reli ya pamoja zinapita baa 1,600, presha inayoweza kupenya ngozi ya mkono, kwa hiyo yeyote anayetaka kulegeza bomba injini ikiwa inanguruma ili "asikilize" mkimbie.

Ukiamua kwenda, piga simu kwanza na uulize mawili: je, wanapima kabla ya kuosha au baada tu, na je, kichujio kidogo cha juu wanabadilisha au wanakiosha na kukirudisha? Kipimo cha baada peke yake hakikuoneshi kama nozeli ndizo zilizokuwa na tatizo. Vichujio vya kubadilishia vinauzwa kwa seti pamoja na oringi, na fundi mwenye mashine ya kweli huwa navyo kwenye droo yake. Akikuambia nozeli za gari lako hazina kichujio, mwombe akuoneshe moja.